Hesabu ya Mchemraba: Kutafuta Urefu wa Upande kwa Kipeuo cha Tatu

Watu wengi hudhani ya kuwa hesabu za vipeuo ni mambo ya darasani tu, yaliyowekwa ili kuwatoa watoto jasho siku ya mtihani, na ya kwamba mtu akiisha kuacha shule hana haja nazo tena. Sisi nasi tulidhani hivyo hivyo, mpaka siku ile kosa letu la hesabu lilipokaribia kuwanyima vijana wanne haki ya kazi yao. Leo twapenda kueleza somo la mchemraba na kipeuo cha tatu, nasi tutaanza kwa kusimulia kosa lenyewe, maana somo lililonunuliwa kwa aibu halisahauliki upesi.

Mambo yalikuwa hivi. Katika kijiji kimoja cha bara palikuwa na shule yenye paa la mabati, na kando yake birika la kukinga maji ya mvua. Birika hilo lilichimbwa katika udongo mgumu wenye mawe, likapakwa saruji ndani, na vipimo vyake vilikuwa mita 1 kwa urefu, mita 1 kwa upana na mita 1 kwa kina. Lilichukua lita 1,000, ndiyo madebe 50 ya lita 20 kila moja. Maji hayo hayakutosha. Watoto waliyamaliza katika siku chache, kisha wakarudi kuchota mtoni, na mto ulikuwa mbali. Basi wazee wakakutana, wakakata shauri lichimbwe birika la pili litakalochukua maji mara mbili ya lile la kwanza, yaani lita 2,000.

Sisi ndio tulioshika kalamu siku ile. Tuliandika pasipo kufikiri: birika la kwanza lina mita 1 kila upande; la pili latakiwa kuwa mara mbili; basi liwe na mita 2 kila upande. Na kwa kuwa wachimbaji walilipwa fungu moja la fedha kwa shimo la kwanza, ambalo liliwachukua siku moja, tukaandika katika mapatano ya kuwa kwa shimo la pili watalipwa mafungu mawili. Vijana wale wanne wakasomewa mapatano, wakaridhika, wakaanza kazi.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita, wala shimo halikukaribia kwisha. Siku ya nne jioni, lilipofika kina cha mita 1, mkubwa wao akatujia na jembe begani, akasema kwa adabu: “Bwana Karani, tulipatana kazi ya siku mbili. Leo ni siku ya nne, na nusu ya shimo bado haijachimbwa. Ama mikono yetu imekuwa mivivu, ama kalamu yako imekosea. Tafadhali itazame tena.”

Tuliitazama tena usiku ule kwa mwanga wa taa. Kijana alisema kweli. Mikono yao haikuwa mivivu hata kidogo. Kalamu yetu ndiyo iliyokosea.

MCHE WA SABUNI

Msomaji akitaka kuliona kosa letu kwa macho yake, na atwae mche wa sabuni ya kufulia, akate vipande vinane vya mfano wa dadu, vyote sawasawa kwa urefu, upana na kimo. Sabuni haitapotea, maana vipande vitafulia nguo baadaye.

Weka kipande kimoja mezani. Hilo ndilo birika la kwanza. Sasa tengeneza umbo ambalo kila upande wake ni mara mbili ya upande wa kipande hicho. Ili urefu uwe maradufu, utaongeza kipande cha pili mbele ya kile cha kwanza. Ili upana nao uwe maradufu, utaongeza vipande viwili vingine ubavuni. Sasa vimekuwa vinne. Lakini kimo bado ni cha kipande kimoja. Ili kimo nacho kiwe maradufu, sharti upange vipande vinne vingine juu ya vile vinne vya chini. Jumla ni vipande vinane.

Basi, mtu akizidisha kila upande kwa 2, ujazo hauzidi mara 2, bali mara 8. Akizidisha kila upande kwa 3, ujazo huzidi mara 27. Wazee waliomba lita 2,000, nasi tukawaandikia shimo la lita 8,000. Tuliwaahidi vijana malipo ya siku mbili kwa kazi ya siku nane. Na hapo hatukuhesabu taabu ya kupandisha udongo kutoka chini, ambayo huzidi kadiri shimo linavyozidi kwenda chini.

MCHEMRABA NI NINI

Mchemraba ni umbo lenye nyuso sita, na kila uso ni mraba uliolingana na nyingine zote. Kwa hiyo urefu, upana na kimo chake ni kipimo kimoja, nacho twakiita upande. Ujazo wake, yaani nafasi iliyomo ndani yake, hupatikana kwa kuzidisha upande kwa upande, kisha jawabu kwa upande tena. Mchemraba wenye upande wa sentimeta 5 una ujazo wa 5 × 5 × 5, ndiyo sentimeta za ujazo 125.

Ni vema msomaji aijue kwa moyo orodha hii fupi, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata:

Upande 1, ujazo 1
Upande 2, ujazo 8
Upande 3, ujazo 27
Upande 4, ujazo 64
Upande 5, ujazo 125
Upande 6, ujazo 216
Upande 7, ujazo 343
Upande 8, ujazo 512
Upande 9, ujazo 729
Upande 10, ujazo 1,000

Mstari wa mwisho wa orodha hii watufunulia jambo kubwa. Lita moja ni ujazo wa mchemraba wenye upande wa sentimeta 10, yaani sentimeta za ujazo 1,000. Tena katika mita moja mna sentimeta 10 mara kumi. Kwa hiyo katika mchemraba wa mita 1 kila upande huingia lita 10 × 10 × 10, ndiyo lita 1,000. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Mtu atakaye kuweka tangi juu ya mbao aufikirie uzito huo kwanza.

KURUDI NYUMA: KIPEUO CHA TATU

Mpaka hapa tumetoka katika upande tukaenda kwenye ujazo. Lakini aghalabu mahitaji ya watu huanzia upande wa pili. Mwenye haja ya maji hasemi, “Nataka birika la sentimeta kadha wa kadha”, husema, “Nataka lita kadha wa kadha.” Hapo yatupasa kutoka katika ujazo turudi kwenye upande. Safari hiyo ya kurudi ndiyo iitwayo kutafuta kipeuo cha tatu.

Kipeuo cha tatu cha namba fulani ni ile namba ambayo, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, na jawabu likazidishwa kwayo mara moja tena, hutoa namba ile ya kwanza. Kipeuo cha tatu cha 27 ni 3, kwa sababu 3 × 3 × 3 ni 27. Kwa alama huandikwa ∛27 = 3. Mwanafunzi asichanganye kipeuo cha tatu na kugawanya kwa tatu. Ukigawanya 27 kwa 3 utapata 9. Lakini mchemraba wa upande wa 9 una ujazo wa 729, wala si 27.

Na tufanye mfano mmoja. Seremala ameagizwa sanduku la mchemraba lenye kuchukua lita 27 za nafaka. Je, ndani liwe na upande gani? Kwanza ageuze lita kuwa sentimeta za ujazo: 27 × 1,000 ni 27,000. Kisha atafute kipeuo cha tatu. Cha 27 ni 3, na cha 1,000 ni 10. Basi cha 27,000 ni 3 × 10, ndiyo 30. Sanduku litakuwa na sentimeta 30 kila upande kwa ndani. Asiyegeuza lita kwanza atapata 3, naye hatajua kama ni 3 za nini.

NAMBA KUBWA ZILIZO KAMILI

Namba kama 8, 27 na 64, ambazo vipeuo vyake vya tatu ni namba nzima, twaziita michemraba kamili. Kwa hizo iko njia nyepesi ya kupata kipeuo, hata namba ikiwa na tarakimu tano au sita.

Itazame tena orodha yetu, uangalie tarakimu ya mwisho ya kila ujazo. Utaona ya kuwa hakuna mbili zinazofanana. Ujazo ukiishia na 1, 4, 5, 6, 9 au 0, kipeuo chake nacho huishia na tarakimu ile ile. Ujazo ukiishia na 8, kipeuo huishia na 2. Ukiishia na 2, kipeuo huishia na 8. Kadhalika ukiishia na 7, kipeuo huishia na 3. Ukiishia na 3, kipeuo huishia na 7.

Sasa twatafuta kipeuo cha tatu cha 13,824. Tarakimu ya mwisho ni 4, basi kipeuo nacho chaishia na 4. Kisha ziache kando tarakimu tatu za mwisho, imebaki 13. Namba 13 iko kati ya 8 na 27, yaani kati ya ujazo wa upande wa 2 na wa upande wa 3. Twachukua ile ndogo, ndiyo 2. Jawabu ni 24. Na tuhakikishe: 24 × 24 ni 576, 576 × 24 ni 13,824. Ni sawa.

Lakini njia hii haifai ila kwa michemraba kamili. Ndiyo sababu haifai kuacha kuhakikisha mwishoni. Jawabu lisilohakikishwa ni kama mzigo uliopokewa bila kupimwa.

NAMBA ZISIZO KAMILI

Sasa turudi kwenye birika la wazee. Walitaka lita 2,000, ndiyo mita za ujazo 2. Swali ni hili: kipeuo cha tatu cha 2 ni ngapi? Si 1, maana 1 × 1 × 1 ni 1 tu. Wala si 2, maana 2 × 2 × 2 ni 8. Kiko katikati, nacho si namba nzima. Basi twakisia na kuhakikisha, tukisonga karibu hatua kwa hatua:

1.2 × 1.2 × 1.2 = 1.728, ni kidogo.
1.3 × 1.3 × 1.3 = 2.197, ni kikubwa.
1.25 × 1.25 × 1.25 = 1.953125, bado ni kidogo.
1.26 × 1.26 × 1.26 = 2.000376, kimezidi kwa punje tu.

Kwa hiyo upande uliotakiwa ulikuwa mita 1.26, yaani sentimeta 126. Birika la vipimo hivyo lingechukua lita 2,000 na theluthi ya lita hivi. Walakini sisi tuliandika sentimeta 200. Upande ulipaswa kuongezeka kwa sentimeta 26 tu, nasi tuliuongeza kwa sentimeta 100.

Angalia pia namna vipimo vitatu vinavyokua, kila kimoja kwa mwendo wake. Birika la kwanza likifanywa la maradufu kwa haki, upande wazidi mara 1.26, eneo la kifuniko lazidi mara 1.26 × 1.26, ndiyo mara 1.59 hivi; na maji yazidi mara 2. Mtu akikuambia kitu kizidishwe mara mbili, mwulize kwanza: ni upande, ni eneo, au ni ujazo? Kuuliza si ujinga, na swali hilo moja lingetuokoa.

NJIA YA UPESI ZAIDI

Kukisia kwafaa, lakini kwaweza kuchosha. Iko njia nyingine ya kulisogeza kisio karibu na jawabu kwa hatua moja au mbili. Na tuseme twataka birika la mchemraba la lita 5,000, ndiyo mita za ujazo 5.

Twakisia upande kuwa mita 1.7. Tukifanya urefu 1.7 na upana 1.7, je, kina kiwe kipi ili ujazo uwe 5 kamili? 1.7 × 1.7 ni 2.89. Tukigawanya 5 kwa 2.89 twapata 1.730. Basi tuna birika la ujazo wa 5, lakini si mchemraba halisi, maana pande zake ni 1.7 na 1.7 na 1.730. Hazijalingana, ila zimekaribiana. Sasa tuzisawazishe: tuzijumlishe zote tatu, tupate 5.130, tugawanye kwa 3, tupate 1.71. Tuhakikishe: 1.71 × 1.71 × 1.71 ni 5.000211. Upande ni sentimeta 171.

Kanuni yake ni hii. Chukua kisio, ulizidishe lenyewe kwa lenyewe. Gawanya ujazo kwa jawabu hilo. Kisha jumlisha kisio mara mbili na namba uliyoipata, ugawanye kwa 3. Kama jawabu halijakaribia vya kutosha, lifanye kuwa kisio jipya, urudie. Hata anayeanza vibaya hufika. Mtu aliyekisia 2 kwa hesabu hii hii atapata kwanza 1.75, na mara ya pili 1.711.

KOSA LETU SI GENI

Tulipoanza kusoma zaidi habari za somo hili tulifarijika kidogo, kwa kuwa tuliona kosa letu lina umri mkubwa. Wayunani wa kale walisimulia ya kuwa katika kisiwa cha Delos paliingia tauni, na watu walipouliza dawa yake wakaambiwa waifanye madhabahu yao ya mchemraba iwe maradufu. Katika masimulizi hayo mafundi walizidisha kila upande mara mbili, wakajenga madhabahu iliyokuwa mara nane. Habari hiyo ilipata sifa, na wenye elimu wakajitahidi miaka mingi kutafuta upande wa mchemraba wa maradufu kwa kuchora, wakitumia rula isiyo na alama pamoja na bikari. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha ya kuwa kwa vyombo hivyo viwili peke yake jambo hilo haliwezekani kamwe.

Lakini kuupata upande kwa tarakimu, karibu kadiri mtu apendavyo, kuliwezekana tangu zamani. Watu wa Babeli waliandika orodha za vipeuo vya tatu juu ya vibao vya udongo. Heron wa Iskanderia, nchini Misri, alionyesha namna ya kupata kipeuo cha tatu cha 100, akapata 4 na sehemu 9 katika 14, ndiyo 4.643 hivi, jawabu la leo ni 4.642 hivi. Na mwaka 499 Aryabhata wa Bara Hindi aliandika kanuni ya kukitafuta tarakimu baada ya tarakimu. Siku hizi kipo chombo cha kuhesabia chenye kutoa jawabu mara moja. Hata hivyo, chombo hakijui kama uliulizwa upande au ujazo. Hilo ni juu yako.

MAONYO MANNE KWA WAJENZI

La kwanza, kipeuo cha tatu hukupa kipimo cha ndani. Ukijenga kuta za matofali zenye unene wa sentimeta 15, na sakafu ya unene huo huo, birika la lita 2,000 litahitaji shimo la sentimeta 156 kwa urefu, 156 kwa upana na 141 kwa kina. Udongo wa kuchimbwa utakuwa mita za ujazo 3.43 hivi, wala si 2. Mchimbaji alipwe kwa shimo alilochimba, si kwa maji yatakayoingia.

La pili, ukikata tarakimu za mwisho, kata kwa kuelekea juu. Jawabu likiwa kati ya sentimeta 144 na 145, chukua 145, maana birika lililozidi kidogo halimdhuru mtu, bali lililopungua hukupunguzia maji.

La tatu, hesabu hii ni ya mchemraba tu. Birika la mviringo au lenye kina kirefu kuliko upana lina hesabu yake.

La nne, pima paa kabla ya kupima birika. Mvua ya milimeta 1 juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1, kabla ya kutoa yale yanayopotea njiani. Paa la mita za mraba 50, likinyeshewa milimeta 40, haliwezi kutoa zaidi ya lita 2,000. Na birika likiisha kujengwa, lifunikwe vema, ili mtoto asitumbukie na mbu wasizalie humo.

MAZOEZI

1. Kisanduku cha mchemraba kina ujazo wa sentimeta za ujazo 3,375. Upande wake ni sentimeta ngapi?
2. Tafuta upande wa birika la mchemraba litakalochukua lita zisizopungua 3,000.
3. Shimo la mita 1 kila upande lilichimbwa kwa siku moja. Watu wale wale, wakienda kwa mwendo ule ule, watachimba shimo la mita 3 kila upande kwa siku ngapi?

Majibu: 1. Sentimeta 15. 2. Sentimeta 144 hutoa lita 2,985 na kitu, hazitoshi. Kwa hiyo ni sentimeta 145, zitoazo lita 3,048 na kitu. 3. Siku 27.

MWISHO WA HABARI

Imebaki kueleza mambo yalivyokwisha. Asubuhi ya pili tulikwenda mbele ya wazee na vipande vyetu vinane vya sabuni. Mzee mmoja alisema ya kuwa mapatano ni mapatano, na vijana waliyakubali kwa hiari yao. Tulimjibu kwa heshima ya kuwa vijana waliyakubali kwa sababu waliisadiki hesabu yetu, nayo ilikuwa ya uongo, ingawa hatukukusudia uongo. Tukapanga vipande juu ya meza, kimoja kimoja, mpaka vikatimia vinane. Mzee yule akavitazama kwa kitambo, akavihesabu mwenyewe kwa kidole, kisha akasema, “Walipeni.”

Wazee wakaamua shimo liachwe pale lilipofika, mita 2 kwa mita 2, kwa kina cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 4, na vijana wakalipwa mafungu manne. Katika mafungu mawili yaliyozidi, moja lilitoka katika mchango wa kijiji, na moja tulilitoa sisi. Lakini hasara haikuishia hapo. Saruji iliyonunuliwa ilikuwa maradufu ya ile ya birika la kwanza, ambalo sakafu na kuta zake zilikuwa mita za mraba 5. Ilitosha mita 10, na shimo hili lilikuwa na mita 12. Ikabidi kuomba mchango tena, na mvua za kwanza zikapita birika likiwa halijakwisha kupakwa. Watoto wakaenda mtoni majuma kadhaa zaidi, kwa ajili ya namba moja tuliyoiandika kwa haraka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza ya kuwa hata penye daftari mali yaweza kupotea, ikiwa aliyeandika hakuhakikisha. Kwa hiyo, wewe uliye karani, au mwalimu, au fundi, au mzee wa kijiji, usitie kalamu katika mapatano ya birika, ghala au shimo kabla hujazidisha upande mara tatu ukaona kama ujazo ni ule ulioombwa. Ni kazi ya dakika tano tu. Na mkubwa wa wale vijana akupitapo njiani na jembe lake begani, utaweza kumwamkia bila kuinamisha macho.